Lita 20 za Sabuni

Ndugu msikilizaji, leo nazungumza na yule aliyeanza biashara mwezi uliopita, au anayekusudia kuanza mwezi ujao, na hasa yule aliyekwisha kuhudhuria semina ya ujasiriamali akarudi nyumbani na cheti, daftari jipya na ari tele.

Semina hizo tunazijua. Zinafanyika kwenye ofisi ya kata, kwenye madarasa wakati shule zimefungwa, kwenye kumbi za nyumba za ibada. Mkufunzi mmoja, ndoo mbili kubwa, watu wamejaa hadi dirishani. Mnafundishwa sabuni ya maji, mishumaa, batiki, na siku hizi siagi ya karanga na unga wa lishe. Asubuhi ni hamasa: thubutu, jiamini, usiogope kushindwa, matajiri wote walianzia chini. Makofi. Mchana mnakoroga.

Sina ugomvi na kukoroga. Lakini mtaa mmoja ukishatoa watu 40 wanaokoroga sabuni ile ile, kwa vipimo vile vile, kwa rangi ile ile ya kijani, inabidi mtu aulize nani atainunua. Na akishapatikana wa kuinunua, inabidi mtu aulize jambo jingine ambalo mimi nalipa uzito zaidi: wewe unabaki na nini?

Maana habari ya ujasiri naona tumeisema mno. Mama anayeamka saa 10 alfajiri kukanda unga wa maandazi, kijana anayetembea na viatu begani kutoka Kariakoo hadi Temeke juani, hao wakiambiwa wathubutu ni kama kuwakosea adabu. Wamethubutu zamani. Wanachopungukiwa ni stadi mbili ambazo ukumbini hazipigiwi makofi: kuhesabu sawasawa, na kumsikiliza mteja hata pale anaposema usilotaka kulisikia. Nitakaa sana kwenye hesabu, maana ndiko watu wengi wanakoanguka huku wakidhani wamelogwa.

Tuchukue hiyo hiyo sabuni ya maji. Dada mmoja, tumuweke Tandika, anapanda daladala hadi Kariakoo kununua malighafi: salfoniki, magadi soda, chumvi ya mawe, rangi, manukato. Tuseme zote zimemgharimu Sh. 14,000, na zinatosha lita 20. Bei za dukani zinabadilika, usinishike kwa shilingi. Wewe shika mwendo wa hesabu. Anakoroga, anaiacha povu litulie usiku mzima, asubuhi anajaza kwenye chupa za lita moja. Anauza kila chupa Sh. 1,500. Chupa 20, jumla 30,000. Anatoa 14,000, anabaki na 16,000. Anafurahi, na mimi ningefurahi. Anamwambia mumewe kuwa sabuni inalipa kuliko kibarua.

Sasa tukae naye chini, kalamu mkononi. Zile chupa tupu zenye mfuniko alizinunua Sh. 250 kila moja: 5,000. Lebo alichapisha kwa mtu wa steshenari, Sh. 100 moja: 2,000. Nauli ya kwenda na kurudi Kariakoo, 1,500. Siku moja alimtuma bodaboda apeleke chupa kwa wateja wawili wa Yombo, 2,000. Na chupa 2 hazikuuzwa: moja aliitoa ya kujaribisha, ya pili iliondoka na shangazi. Hizo zilikuwa 3,000. Jumlisha: 13,500. Ile faida ya 16,000 sasa ni 2,500.

Na hapo hatujagusa muda wake. Siku nzima ya kununua na kukoroga, nyingine mbili za kuzunguka mlango kwa mlango. Siku 3 kwa Sh. 2,500. Huyu dada si mvivu, hana mkosi, na jirani hajamfanyia kitu. Anafanya biashara inayomla taratibu, na kwa kuwa hela inaingia kila siku, haoni kwamba inatoka. Kesho akiambiwa aongeze uzalishaji afike lita 100, ataongeza uchovu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasikia methali hiyo ikitajwa kwenye semina pia, halafu daftari wanalopewa watu linakuja tupu, hakuna anayewaonyesha wachore mistari gani. Wala si ya kitaalamu. Upande mmoja kilichotoka, hata kama ni mia mbili ya mfuko. Upande wa pili kilichoingia. Chini ya ukurasa, kabla ya kulala, unahesabu hela iliyomo kwenye kopo na kuilinganisha na ukurasa. Zisipolingana, usilale kwanza. Kumbuka. Mara nyingi ni mtoto alitumwa nyanya.

Halafu ndipo hesabu inapoanza kukufundisha kitu. Dada yetu akitazama ule ukurasa vizuri ataona kwamba mwizi mkubwa si malighafi, ni chupa. Pamoja na lebo zinakula 7,000 katika kila lita 20. Nani basi anahitaji chupa ya lita moja yenye lebo nzuri? Mtu anayenunua dukani. Lakini mama lishe anayeosha sahani 60 kila mchana hahitaji lebo. Gesti haihitaji lebo. Wanaoosha magari barabarani hawahitaji lebo, wanahitaji povu na wanahitaji isikatike katikati ya wiki.

Basi aweke sabuni ile ile kwenye madumu ya lita 5, auze dumu Sh. 6,500. Lita inakuwa imeshuka hadi 1,300, mteja anaona amepata nafuu. Madumu 4 yanampa 26,000. Dumu tupu linarudi siku anapopeleka jipya, kama tunavyofanya kwenye kreti za soda. Yale ya kwanza atayanunua, kisha yanazunguka. Malighafi 14,000, nauli 1,500, bodaboda 2,000, vibandiko vya jina na namba ya simu tuseme 400. Jumla 17,900. Anabaki na 8,100, na siku mbili za kuzunguka mitaani zimekuwa asubuhi moja, kwa sababu wateja ni wanne na anawajua walipo.

Amepunguza bei, na faida imezidi mara tatu. Hakukopa wala hakubadilisha vipimo vya kukoroga. Alichofanya ni kukaa na kalamu, na kukubali kwamba ile furaha ya 16,000 haikuwa ya kweli. Huko kukubali ndiko ninakokuita mtazamo wa kibiashara, ukiniuliza. Kuna watu hawapendi kuhesabu kwa sababu wanahisi jibu litakalotoka.

Sasa turudi kwa shangazi, maana hatuwezi kumruka. Anakuja jioni, unamwamkia, “Shikamoo shangazi,” anaitika, “Marahaba mwanangu, Mungu akubariki na biashara yako, hebu nipe hako kachupa nikajaribu.” Utamwambia nini? Wapo wakufunzi wanaosema kataa, biashara haina undugu. Watu hao sijui walilelewa wapi. Shangazi ndiye aliyekulipia ada ya kidato cha pili, na ukifiwa kesho ndiye atakayelala kwenye mkeka nyumbani kwako. Mpe. Lakini chupa hiyo ilipe wewe, kutoka kwenye kopo lako la nyumbani, uiweke kwenye kopo la biashara, uandike imeuzwa. Umemheshimu shangazi, na biashara haijui kama ana njaa ya sabuni. Ukifanya hivyo mara tatu, utajua mwenyewe ukarimu wako unakugharimu kiasi gani kwa mwezi, na utaamua ukiwa umefumbua macho.

Hapo nimeshataja makopo mawili. Wengi wetu tuna kopo moja. Ada inatoka humo, dawa, mchango wa harusi, vocha, na bado ndimo tunamotegemea mtaji wa kesho. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Dawa yake ni kujilipa. Panga kiasi, hata kama ni Sh. 2,000 kwa siku, kiwe ujira wako, uandikwe kwenye kilichotoka. Zikizidi hizo, umekopa kwenye biashara, na unadaiwa kama mteja mwingine yeyote. Siku hizi ni rahisi kidogo: laini moja ya simu iwe ya nyumbani, nyingine ya biashara, na mteja alipie kwenye hiyo ya pili. Taarifa ya miamala nayo inakusaidia, siku ukienda kuomba mkopo una cha kuonyesha.

Nikisema habari za kuhesabu namkumbuka marehemu Reginald Mengi, aliyefariki Mei 2019. Hadithi yake ya kalamu wengi mmeisikia, na ameieleza pia kwenye kitabu chake cha mwaka 2018. Ilikuwa miaka ya 1980, wakati wa uhaba, wakati sabuni na sukari vilipangiwa foleni. Alitafuta kalamu ya kuandikia madukani asipate. Akaanza kuagiza vipande na kuunganisha kalamu nyumbani kwake Dar es Salaam. Kutoka hapo ndipo ikaja IPP, yenye vyombo vya habari na viwanda vya vinywaji.

Hadithi hiyo kwa kawaida inasimuliwa kama ya mtu aliyeona fursa. Sawa, aliiona. Lakini mji mzima ulikuwa unaona kwamba kalamu hakuna. Wasimulizi wanasahau kusema kwamba Mengi alikuwa mhasibu kwa taaluma, tena mshirika katika kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Coopers & Lybrand, mtu ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kufungua vitabu vya kampuni za watu na kuona wapi panavuja. Na hakuuacha ule mshahara siku alipounganisha kalamu ya kwanza. Aliendelea na kazi yake huku biashara ikisimama pole pole. Kijana anayeandika barua ya kuacha kazi Ijumaa ili Jumatatu awe mkurugenzi wa kampuni yake, hiyo sehemu ya hadithi ingemfaa zaidi kuliko ile ya fursa.

Stadi ya pili nimesema ni kusikiliza. Hapa nina mfano ambao uko kwenye simu yako muda huu unaponisikiliza. Mwaka 2005, jirani zetu Kenya walifanya jaribio dogo, Nairobi na Thika. Safaricom, pamoja na Vodafone na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, walitaka wakopaji warudishe marejesho yao kwa simu badala ya kubeba fedha taslimu hadi kwenye kikao cha kikundi. Ndilo wazo lililokuwapo. Watu wakapewa simu, wakafundishwa, wakaanza kutumia.

Halafu wakaanza kufanya mambo ambayo hawakufundishwa. Mtu anamtumia mwenzake hela. Mfanyabiashara anaweka fedha kwa wakala kabla ya safari, anazitoa akifika, asibebe mkononi njiani. Wengine wanaifanya kibubu cha usiku mmoja. Na ile kazi ya marejesho ya vikundi, ambayo ndiyo ilileta mradi mzima, ikawa ngumu na yenye kusumbua. Waliokuwa wakisimamia jaribio wangeweza kuwagombeza watu kwamba wanatumia vibaya. Waliwatazama, wakaandika wanachokiona, na huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 ilikuja na jambo moja jepesi: mtumie mtu wako pesa. M-Pesa. Mwaka uliofuata ikavuka mpaka kuja Tanzania.

Wale walikuwa kampuni kubwa na fedha za kufadhili jaribio. Wewe una lita 20. Lakini unaweza kufanya lile lile. Mama lishe aliyenunua dumu moja halafu hakurudi, mfuate. Usimfuate kumlaumu. Muulize sabuni ilikuwaje. Atakwambia ni nzuri, maana sisi hatupendi kumwambia mtu ubaya usoni, na hapo wajasiriamali wengi wanaishia, wanaondoka wamefurahi. Usiondoke. Muulize sasa hivi anaoshea nini. Akikuonyesha sabuni ya unga ya pakiti, muulize kwa nini ile. Atakwambia yako inamtoa ngozi mikononi, au harufu yake inabaki kwenye vikombe, wateja wanasema chai inanukia ndimu. Hilo neno moja la vikombe lina thamani zaidi kuliko siku zote za semina. Utapunguza manukato, gharama itashuka, na mteja atarudi.

Ukitaka kuona watu waliohitimu stadi hii bila cheti, nenda Kariakoo, mitaa ya Kongo na Msimbazi, uwaangalie mawinga. Winga hana duka, hana mzigo, hana mtaji. Anakukuta unatazama viatu anakuuliza, “Karibu boss wangu, unatafuta namba ngapi?” Ndani ya dakika moja amejua namba yako, kiasi ulichonacho mfukoni, na kama unanunua leo au unaranda tu. Anajua duka lipi lina rangi hiyo na wanauza shilingi ngapi. Anachukua kiatu, anakuuzia kwa kuongeza chake juu, anarudisha hela ya mwenye duka. Wapo matapeli kati yao, sikatai, na wengi tumewahi kuongezewa bei tukacheka baadaye. Ila kijana anayetaka kufungua duka la nguo angekaa miezi kadhaa kwenye uwinga kwanza. Angejua saizi zipi zinakaa rafuni hadi zipauke, kabla hajazinunua kwa fedha za mama yake.

Na akikaa vizuri, akarudisha hela za watu kwa wakati, atafika mahali mwenye duka anampa mali kauli: chukua mzigo, uza, uniletee changu Jumamosi. Huo ni mtaji usio na riba, na dhamana yake ni Jumamosi zilizopita. Ukichelewesha moja bila kupiga simu, umeua kitu kilichochukua muda mrefu kujengwa. Kama hela haijapatikana, nenda Ijumaa, ukaseme haijapatikana. Wenye maduka wanavumilia deni. Hawavumilii simu isiyopatikana.

Mikopo sasa, maana najua mnaisubiri. Nitaipitia haraka. Ipo ile ya halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 kurekebisha taratibu, ikarudi mwaka uliofuata. Ni nzuri. Tatizo ninaloliona ni vikundi vinavyozaliwa wiki ya kuomba mkopo na kufa wiki ya kuupokea. Watu waliokutana kwa ajili ya fomu hawawezi kukesha pamoja kwa ajili ya marejesho. Kikundi cha VICOBA kilichokwisha kuwekeana akiba na kugombana na kupatana, hicho kiombe.

Ipo na ile ya kausha damu, jina lake linajieleza. Tufanye hesabu moja ya mwisho. Umechukua 300,000, unarudisha 13,000 kila siku kwa siku 30. Jumla 390,000. Afisa anakwambia riba ni asilimia 30. Lakini angalia: siku ya 15 umekwisha kurudisha 195,000. Ile laki 3 hukukaa nayo mwezi mzima, kila siku ilikuwa ikipungua. Kwa wastani ulikuwa na kama nusu yake. Umelipa 90,000 kwa kutumia kama 150,000. Hiyo inakaribia asilimia 60 kwa mwezi mmoja. Sabuni gani inalipa hivyo? Kuna sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 inayomtaka mkopeshaji awe na leseni. Ulizia leseni, na usome mkataba kabla ya kuweka dole gumba, hata kama kitanda cha mtoto mgonjwa kinakusubiri. Hasa kama kinakusubiri.

Na mkopo wowote ule, mzuri au mbaya, hautibu hesabu iliyopinda. Dada wa Tandika angepewa milioni moja mwezi ule wa chupa, angepoteza siku nyingi zaidi kwa haraka zaidi.

Baada ya hesabu kunyooka, ndipo uende SIDO. Hili shirika liliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, lina ofisi mikoani, na watu wanapita nje ya geti lake wakidhani ni la wenye mitambo mikubwa. Wanaweza kukupa barua ya utambulisho uende nayo TBS, shirika la viwango, kuhusu alama ya ubora, na bila alama hiyo dumu lako litaishia kwa mama lishe. Hoteli kubwa na maduka makubwa hawatakufungulia. Usiende wiki ya kwanza. Lakini usingoje hadi mkaguzi aje.

Swali ninaloulizwa kila mara kipindi hiki kikiisha ni hili: nianze na mtaji kiasi gani? Jibu langu halina namba. Tafuta kiasi ambacho kikipotea chote, watoto watakula na kodi ya nyumba italipwa. Kwa mwingine ni laki 5, kwa mwingine ni elfu 30. Ukishakipata, kigawe mafungu matatu, uanze na moja. Fungu la kwanza utalikosea, karibu kila mtu hulikosea. La pili litakuwa la kurekebisha ulichoona kwenye la kwanza. Lile la tatu liache kwa mtu unayemwamini, mwambie asikupe hata ukimlilia kabla hujamwonyesha daftari.